Maswali ya ukumbini hayasikiki Zoom

Umeuliza kwa nini wanaofuata semina kwa mbali wanamsikia mgeni anayezungumza vizuri, ila maswali ya ukumbini wanapata manong'ono tu. Maiki ya kifuani ya mgeni imebanwa sentimita 15 au 20 kutoka mdomoni; aliyekaa mstari wa nne haiwezi kumfikia. Halafu Zoom yenyewe huichukulia sauti ya mbali kuwa kelele na kuikata, kwa hiyo kuongeza volyumu hakusaidii kitu.

Dawa ya bure: mwenyekiti alirudie kila swali kwenye maiki kabla mgeni hajajibu. Inamsaidia hata mgeni. Tatizo, likifika swali la tatu wengi husahau, bora maiki ya pili ya mkononi izungushwe.

Maiki zote ziingie kwenye miksa (kifaa cha kuchanganya sauti), kisha miksa iende kwenye laptopu kwa USB. Hapa ndipo wengi hukwama: badala ya USB, wanachomeka waya wa kawaida ambao plagi yake ina pete mbili (mistari inayoizunguka) kwenye tundu la hedifoni. Kwenye laptopu nyingi tundu hilo linataka plagi ya pete tatu ndipo litambue maiki. Bila hiyo laptopu inaendelea kutumia maiki yake ya ndani, nanyi mnadhani miksa ni mbovu.

Mwangwi ukianza, tafuteni aliyejiunga akiwa humohumo ukumbini na spika wazi. Azime maiki na spika, vyote viwili.

Jaribuni nusu saa kabla, msikilizaji akiwa jengo lingine.