Shemeji Kasema Kweli Kuhusu Rubya

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu kachaguliwa seminari ndogo ya Bihawana. Shemeji yangu, Mhaya, anatutambia kwamba kwao Rubya kulikuwa na seminari hata kabla treni haijafika Dodoma. Ni kweli? Na yale majengo ya zamani ndiyo ya mwaka huohuo?
Mama wa watatu, Kigwe

JIBU: Marahaba, mama, na mbukwa. Hongera kwa kijana kuingia seminari ndogo, shule ya wavulana wanaoandaliwa kwa upadre.

Shemeji kasema kweli. Seminari ya Rubya, kule Ihangiro, Muleba ya leo, ilianza 1904. Treni ilifika Dodoma 1910. Waanzilishi ni Mapadre Weupe, shirika aliloliunda Askofu Mkuu Lavigerie huko Algeria mwaka 1868, na aliyelishikia bango jambo hili ni Askofu Joseph Hirth. Eneo lake lilifika mpaka Rwanda, kwa hiyo vijana wa Rwanda nao waliletwa Rubya kusoma. Hirth alipohamishiwa huko 1912, mwaka uliofuata Kabgayi, mji wa Rwanda, ikapata seminari yake, nao wakamalizia masomo kwao. Wawili wao, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, wakawa mapadre wa kwanza wa Rwanda mwaka 1917.

Mwaka huohuo, tarehe 15 Agosti, Rubya nayo ikapata mapadre wake wanne wa kwanza. Piga hesabu, mama: miaka 13 tangu seminari ifunguliwe, na vita vya kwanza vya dunia vimeingilia katikati. Wazazi wangapi leo wangevumilia? Hapo ndipo ninapowavulia kofia waanzilishi, kuliko kwenye matofali. Misa ilikuwa ya Kilatini na vitabu vya teolojia vya Kilatini, hivyo mtoto aliyetoka kuchunga ng'ombe alianza na lugha hiyo kwanza, kisha falsafa, kisha teolojia. Mimi nilionja kidogo tu katika seminari ndogo: tumesimama mbele ya ubao kabla ya uji, rosa, rosae, rosae, na ukikosea herufi moja darasa zima linarudia. Kutoka huko Rubya alipita pia Laurean Rugambwa, aliyepewa upadre 1943 na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi.

Majengo ni habari nyingine. Umri wa seminari na umri wa ukuta usiviunganishe. Misheni nyingi zilianzia kwenye vibanda vya miti na nyasi. Tofali la kuchoma na bati vilikuja fedha ilipopatikana, na mwaka uliochongwa juu ya mlango mara nyingi ni wa ukuta ule tu. Ukitaka ukweli, ulizia shajara. Lavigerie aliwaagiza watu wake kila kituo kiandike yanayotokea, nani kafika, nani kafa, mvua imenyesha au la. Kwangu mimi karatasi hizo zina thamani kuliko jiwe la msingi, na inaniuma nikisikia mahali zimeliwa na mchwa.

Huku kwetu njia ilikuwa tofauti. Dodoma ilifanywa eneo la kanisa linalojitegemea mwaka 1935, chini ya watawa Wapasionisti wa Italia, ikawa jimbo 1953. Kijana akishazoea Bihawana, amwombe gombera, yaani mkuu wa seminari, kwa adabu amwonyeshe kumbukumbu za misheni. Akiruhusiwa, anakili ukurasa wa kwanza aniletee. Nitauchapa hapa kwa furaha.