Maswali ya Wasomaji: Mbona Nyumba Hutikiswa Mara Mbili?

Mhariri, tetemeko likija tunasikia kwanza mngurumo, vikombe vinagongana kabatini, halafu baada ya kitambo nyumba nzima inayumba. Je, ni matetemeko mawili? (Msomaji, Fort Portal)

Ni moja, ila mawimbi yake hayaendi kwa mwendo mmoja. Miamba inapokatika chini ya ardhi, wimbi la kwanza huibana na kuiachia kuelekea kule linakokwenda, mfano wa foleni ambayo wa nyuma kamsukuma wa mbele. Hukimbia takriban kilomita 6 kwa sekunde, na sehemu yake inayotokea hewani ndiyo huo mngurumo. Wimbi la pili huitikisa miamba ubavuni, kama kamba unayoichezesha ukiwa umeishika ncha. Lina mwendo wa kilomita 3.5 hivi kwa sekunde, na ndilo huanza kuangusha kuta, maana ukuta hujengwa kubeba uzito unaoshuka, si kusukumwa mbavuni.

Ukiwa mahali salama, hesabu sekunde kati ya mtikisiko wa kwanza na wa pili, uzidishe kwa 8. Sekunde 10 maana yake miamba imekatika kama kilomita 80 kutoka ulipo. Wengi hushtuka kwanza ndipo waanze kuhesabu, basi tetemeko likaonekana liko karibu kuliko lilivyo. Tena hesabu hiyo haikuonyeshi upande. Ndiyo sababu wataalamu hutumia vituo vitatu au zaidi vya kupimia mitetemo, kikiwemo cha Mbarara: kila kituo huchorewa duara lenye umbali wake, na maduara yanapokatana ndipo penye chanzo.

Wazee hapa husema Rwenzori ni volkano iliyolala, na kwamba ikijigeuza ndipo ardhi hutikisika. Ni kweli? (Msomaji, Bundibugyo)

Rwenzori si volkano. Ni pande la miamba mikongwe lililoinuliwa kati ya nyufa kubwa za ardhi hadi kufikia mita 5,109. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa linatanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka, lakini kingo za ufa zimekamatana kwa msuguano, haziteleziki. Mkazo unalimbikizana miaka na miaka, mpaka siku moja miamba inashindwa na upande mmoja kushuka kwa ghafla. Volkano zipo kweli jirani, na maziwa ya kreta karibu na Fort Portal ni alama zake, ila matetemeko makubwa ya kwenu yametoka kwenye nyufa.

Redio ikisema tetemeko la ukubwa wa 6.2 na la 6.8, tofauti si ndogo? (Msomaji, Mbarara)

Si ndogo hata kidogo. Kila namba nzima inayoongezeka hukuza nishati takriban mara 32. Tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966 lilikuwa la ukubwa wa takriban 6.8, na lile la Februari 1994 karibu na Fort Portal takriban 6.2. Kwa hesabu hiyo, la 1966 lilitoa nishati karibu mara 8 zaidi.

Kuna ujumbe unaosambazwa simuni kwamba tetemeko litapiga Jumamosi saa nne usiku. Tulale nje? (Msomaji, Kampala)

Laleni ndani. Hakuna mtaalamu duniani awezaye kutaja siku na saa. Ujumbe huo msiusambaze.

Najenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Nizingatie nini? (Msomaji, Kasese)

Mkanda wa zege, ndugu yangu, kabla ya kitu kingine chochote. Upitishe juu ya milango na madirisha, uzunguke kuta zote bila kukatika, na mwingine juu ya ukuta chini ya paa. Weka nondo 4 za milimita 12, zifungwe ringi (vyuma vyembamba vya kuzizungushia) kila sentimita 20.

Sasa tazama kwenye kona za nyumba, ndipo mafundi wengi huharibu: nondo za ukuta mmoja zinaishia konani, za ukuta wa pili zinaanzia hapo hapo, na kati yao hakuna kinachoshika ila zege tupu. Ukuta ukivutwa, kona inafunguka kama kitabu. Kila nondo ikunjwe, iingie ukuta wa pili na kulaliana na mwenzake angalau sentimita 60.

Matofali yaloweshwe kabla ya kujengea, la sivyo yatafyonza maji ya udongo wa saruji, usishike. Mchanganyiko uwe saruji 1 kwa mchanga 4. Zege la mkanda limwagiwe maji kwa siku 7. Mlango au dirisha likae angalau sentimita 60 kutoka konani. Pembetatu ya ukuta chini ya paa, ile inayopanda hadi kwenye mgongo wa mabati, usiijenge kwa matofali ukiweza. Ifunge kwa mbao au bati, kwa kuwa ikiwa ya matofali mara nyingi ndiyo hutangulia kuanguka, na huweza kuangukia ndani, vitandani.