Mwanangu, kuhusu lile neno ulilolisikia harusini

Marahaba mwanangu. Voisi yako ya jumapili nimeisikiliza mara tatu, ile unayosema ulikuwa harusini kanisani huko Uingereza bwana harusi akamwambia mwenzie "I plight thee my troth", we ukadhani truth, yani ukweli, imemshinda kutamka, ukaniuliza mama hivi truth na troth ni neno moja au mawili. Miaka yote niliyofundisha kiingereza hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hivyo, nimefurahi sana.

Ni neno moja mwanangu, liligawanyika tu njiani. Kwenye kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu iliyopita, kulikuwa na treowth, na maana yake haikuwa kusema jambo lilivyo, ilikuwa uaminifu, yani mtu ukimpa siri au ukimwachia mali hakugeuki. Mwenye truth alikuwa mtu, sio habari. Ndo maana ina undugu na trust yani kuamini, na truce yale makubaliano ya kusimamisha vita, na betroth yani kuchumbia. Wataalamu wengi wanalirudisha hadi kwenye shina moja na tree, mti, kwa ule ugumu wake na kusimama imara, na mimi nikiukumbuka mwembe wa bibi yako naona kabisa inaingia akilini. Kwenye karne ya 14 hivi truth ikawa inahamia kwenye maneno na mambo yenyewe, troth ikabaki kwenye viapo. Yale maneno yamo kwenye kitabu cha sala cha Waanglikana tangu 1549, kwa hiyo yule kijana hakukosea kitu, alikuwa anauweka uaminifu wake dhamana mbele za watu.

Na sisi tunayo ya kwetu ya namna hiyo, sadiki na sadaka zote zimetoka kwenye shina moja la kiarabu la kusema kweli, na Mwarabu rafiki yake anamwita sadiq.

Sasa utauliza, kama truth ilikuwa uaminifu, ukweli wenyewe waliuitaje? Waliuita sooth. Shina lake ni "kuwa", yani kile kilichopo, na lina undugu na satya, yani ukweli kwa kisanskriti, lugha ya kale ya India. Miaka ya 1600 likafifia, sa hivi utalikuta kwenye soothsayer, mtabiri. Ila kuna mtoto wake mmoja ndo kanikosesha usingizi jana. Soothe, hii tunayoijua ya kubembeleza na kutuliza, imetoka humohumo kwenye sooth! Mwanzo ilikuwa kuthibitisha kwamba jambo ni kweli, baadae ikawa kumwitikia mtu ndiyo ndiyo kwa anachosema hata kama sicho, mwisho ikawa kumpoza tu.

Nikakukumbuka we. Mwaka jana babako alivyolazwa nilikuambia ni malaria kidogo, ulikuwa kwenye mitihani, ukaja kuujua ukweli mwezi mzima baadae kwa shangazi yako, ukaniambia "mama mimi sio mtoto wa kubembelezwa". Hukupaza sauti lakini ilinikaa moyoni hadi leo, na ulikuwa na haki.

Kwa hiyo nakuambia. Jumanne presha ya babako imepanda tena, ilifika 180 kwa 110, hawakumlaza, wamembadilishia dawa na wiki ijayo anarudi kliniki. Anakula, anatembea hadi dukani na kurudi ila akifika anakaa kwanza kibarazani ndo anaongea, na chumvi bado tunagombana nayo. Hapa nilishaandika "sisi sote wazima" nikafuta. Jioni baada ya magharibi anakuwa nyumbani, piga kwenye simu yake sio yangu, umuulize mwenyewe.

Mama