Friji la maonyesho likila umeme, anza na hewa kabla ya kompresa

Mwaka mzima nililipia umeme wa friji la maonyesho huku nikiamini ugonjwa wake ni kompresa, ile pampu inayozungusha gesi ya kupoza. Lilikuwa lile la wazi mbele, lisilo na milango: rafu tano, taa kila rafu, mteja ananyoosha mkono anachukua. Nililinunua kwa sababu hiyo hasa, maana bidhaa inayoonekana na kushikika inatoka haraka. Sikujua kwamba mashine yake haikuwa ikipumzika hata usiku wa manane, tukiwa tumefunga na hakuna anayenunua.

Fundi wa kwanza alisema gesi imepungua, akaongeza. Wiki mbili baadaye akaongeza tena. Hapo ningepaswa kushtuka, kwa sababu gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ina maana kuna mahali inavuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu ameliacha tatizo palepale. Mwishowe akanishauri tubadilishe kompresa nzima.

Nilikuwa karibu kukubali nilipomwita fundi mwingine, mtu mzima, ambaye hakufungua hata mfuko wa vifaa. Alivuta kiti akaketi mbele ya friji na kulitazama kwa muda. Kisha akachana kipande cha karatasi laini, akakishika chini kidogo ya ukingo wa juu wa friji. Karatasi ikapeperuka kuelekea nje, usoni kwake. Akainuka, akazima feni ya dari iliyokuwa ikizunguka hatua chache kutoka pale, akarudi na karatasi yake. Safari hii ikaning'inia wima, ncha yake ikivutwa chini. Baada ya kama nusu saa kompresa ikazima yenyewe. Nilikuwa sijawahi kuusikia ukimya ule mchana.

Alichonionyesha ndicho ningependa kila mwenye friji la aina hii akijue. Friji la wazi lina mlango, ila mlango wenyewe ni hewa. Feni za ndani husukuma hewa baridi kupitia matundu ya juu, hewa hiyo hushuka mbele ya rafu kama pazia, kisha hunyonywa na grili iliyo chini. Pazia likiwa zima, baridi inabaki ndani. Likipigwa na upepo wa feni, wa kiyoyozi au wa mlango wa dukani, linapasuka. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo inamwagika sakafuni, na pengo lake linajazwa na hewa ya chumba yenye joto na unyevu. Kwenye friji la wazi la kusimama, takriban robo tatu ya joto ambalo mashine inalazimika kulitoa huingia kwa njia hiyo. Kuta, taa, feni na bidhaa hugawana kinachobaki. Mimi nilikuwa nikiihangaikia kompresa, yaani natwanga maji kwenye kinu.

Unyevu ndio unaoumiza zaidi, na ndio watu wanaousahau. Mvuke ulioingia na hewa ya chumba hugeuka barafu kwenye koili ya ndani, yale mabomba yanayopoza hewa. Barafu inaziba njia ya hewa, pazia linalegea, hewa nyingine ya nje inaingia, barafu inazidi. Mashine inafanya kazi kubwa ileile na baridi inapungua siku hadi siku. Ukiona koili imevaa barafu nene, usikimbilie kusema gesi. Angalia kwanza upepo unatoka wapi.

Basi hatua ya kwanza haina gharama yoyote: lisogeze friji mbali na mlango wa kuingilia, na feni, na mdomo wa kiyoyozi, na jua la dirishani. Ya pili ni kupanga bidhaa kwa adabu. Ndani ya friji nyingi kuna mstari unaoonyesha mwisho wa kupanga, na chupa zikiuvuka zinakata pazia. Boksi lililowekwa juu ya grili ya chini linaziba mahali hewa inaporudia. Nimeona hata bango la bei likifanya kazi hiyo mbaya.

Usiku shusha pazia la kuviringisha, lile la turubai au la plastiki. Na ukiweza, tia milango ya vioo. Najua hofu yake, nilikuwa nayo mimi mwenyewe kwamba mteja atapita bila kufungua. Lakini milango kwenye friji la wazi hupunguza umeme kwa theluthi moja hadi nusu, na hakuna kitu kingine katika makala hii kinachokaribia hapo. Kwangu wateja walizoea ndani ya siku chache, na waliokuwa wakilalamika kwamba mbele ya friji kuna baridi miguuni wakanyamaza.

Friji la mlango wa kioo nalo lina mianya yake. Chukua karatasi, ibane kwenye mlango, ufunge, uvute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka pale. Zungusha jaribio hilo mlango mzima, hasa pembeni karibu na bawaba. Mpira ni kitu kidogo cha kubadilisha ukilinganisha na unachopoteza.

Halafu kuna taa. Taa iliyo ndani ya friji unailipia mara mbili, kwanza kuwaka, kisha kulitoa joto lake. Chukua tyubu ya kawaida ya wati 36 inayowaka saa 24: hiyo ni uniti 0.86 kwa siku. Kama mashine yako inatoa uniti mbili za joto kwa kila uniti ya umeme, ongeza nyingine 0.43. Karibu uniti 1.3 kila siku kwa tyubu moja, na friji langu lilikuwa na tano. Kuzizima tukifunga kulipunguza nusu ya hesabu hiyo, na nilipoweka taa za LED nusu iliyobaki ikapungua tena.

Feni za ndani zina hesabu kama hiyo. Mota ndogo za kizamani zinazotoa kazi ya wati 10 huvuta karibu wati 40, na tofauti yote inakuwa joto palepale penye baridi. Mota za kisasa za EC, zinazoendeshwa kwa saketi ya kielektroniki, huvuta takriban wati 15 kwa kazi ileile. Feni ikifa, mwambie fundi akuwekee ya aina hiyo.

Milango ya vioo mara nyingi ina nyaya za kupasha joto kwenye fremu ili kioo kisitoe jasho. Hewa ikiwa kavu hazihitajiki. Tafuta kama friji lako lina swichi ya kuzima nyaya hizo, au kidhibiti kinachopima unyevu na kuziwasha inapobidi tu.

Sasa tuje kwenye koili ya nje, kondensa, ile inayotupa joto. Vumbi likiifunika, mashine inalazimika kufanya kazi kwenye joto kubwa zaidi, na kila nyuzi moja ya ziada pale inaongeza matumizi kwa asilimia 2 hadi 3. Mimi huisafisha kila mwezi kwa brashi laini, friji likiwa limechomolewa kwenye umeme, nikifuata mstari wa mapezi, vile vibati vyembamba vya koili, ili nisiyakunje. Acha pia nafasi nyuma na juu hewa ipite. Kumbuka kwamba friji lenye mashine yake ndani linatupa joto lote chumbani, kwa hiyo kama una kiyoyozi, nacho kinalifanyia kazi joto hilohilo.

Baridi kupita kiasi nayo ni umeme. Weka kipimajoto katikati ya bidhaa, kisha panga themostati kwa kile unachokisoma pale. Kwa maziwa na nyama usicheze, acha baridi wakati wote. Vinywaji vya chupa visivyoharibika ni jambo jingine, hivyo unaweza kuviacha vipate joto kidogo usiku na kuanza kuvipoza tena saa chache kabla ya kufungua.

Ili ujue kama unachofanya kinasaidia, nunua kipima umeme kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, ila usikisome kwa dakika moja. Mashine inawaka na kuzima, na kuna nyakati za kuyeyusha barafu. Kisome baada ya saa 24 kamili, tena siku mbili zenye hali ya hewa inayofanana.

Na kama unataka kununua jipya, soma kibandiko kabla ya kutazama rangi. Umoja wa Ulaya umeweka lebo ya nishati ya A hadi G kwa mafriji ya kuuzia tangu Machi 1, 2021, kwa hiyo lililotengenezwa kwa soko hilo linapaswa kuwa nayo. Tazama pia daraja la hali ya hewa. Daraja la 3 maana yake friji lilipimwa kwenye chumba cha nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60, la 4 ni nyuzi 30 na asilimia 55, la 5 ni nyuzi 40 na asilimia 40. Friji la daraja la 3 ukiliweka kwenye chumba cha nyuzi 35 litakula zaidi ya kilichoandikwa, na huenda lisifikie baridi kabisa. Mimi lile la kwanza lilikuwa la daraja la 3, na kibandiko kilikuwa pale nyuma tangu siku ya kwanza. Sikukisoma hadi yule fundi mzee aliponimulikia kwa tochi.