Kabla hujaitundika ukutani: ushauri kwa wanaoanza kaligrafia ya Kichina na Kijapani

Mwanafunzi wa kaligrafia akishazoea kushika brashi, swali lake huwa lile lile: niandike nini? Anachukua simu, anatafuta "upendo" au "amani" au "nguvu", herufi inatokea, umbo linampendeza, anaanza kuinakili. Nimekaa na wanaoanza kiasi cha kujua kwamba kazi nyingi huharibikia hapo, wino haujagusa hata karatasi. Mkono unaotetemeka hutulia kwa mazoezi. Herufi iliyochaguliwa kwa pupa haitulii hata iandikwe na bingwa, maana kosa lake haliko mkononi.

Jambo hili tunalijua vizuri kupitia kanga. Hakuna anayeangalia mji na pindo tu, akalipia, akampelekea mama mkwe bila kusoma jina. Herufi ya ukutani nayo ina jina lake, na jina hilo ni zaidi ya tafsiri ya kamusi: ni mahali ilipozoeleka kuonekana, nani humpa nani, na siku gani.

Chukua 壽. Kamusi itakuambia "maisha marefu" na kuishia hapo. China utaikuta imetundikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mzee, dhahabu juu ya nyekundu, na mezani kuna tambi ndefu zisizokatwa. Lakini nguo anazovikwa maiti nazo huitwa kwa herufi hiyo hiyo, 壽衣. Mzee wa miaka 80 akiletewa 壽 atafurahi na kuiweka sebuleni; kijana wa miaka 25 atabaki anajiuliza unamwombea nini. Ukivuka bahari hadi Japani, herufi hii kwa umbo lake jipya, 寿, utaiona kwenye bahasha za kutunza maharusi. Anayeijua kwa kamusi tu hajui hata moja kati ya hayo, na ndiye atakayempelekea bosi wake wa Kichina zawadi ya kumtia simanzi.

福, baraka, ni salama zaidi, na kwa anayeanza ningesema aanze nayo. Iko kwenye milango ya China kila Mwaka Mpya, juu ya karatasi nyekundu iliyosimama kwa pembe. Wengi huipindua kichwa chini, kwa kuwa "imepinduliwa" na "imefika" hutamkwa sawa kwa Kichina: baraka zimefika. Ukiwa Beijing, nenda kwenye kasri la Prince Gong uone jiwe lililochongwa 福 iliyoandikwa kwa mkono wa mfalme Kangxi. Watu hupanga foleni kuiona. Kuna pia 囍, furaha mbili zilizoungana, ambayo ni ya harusi, basi. Usiipeleke kwenye ufunguzi wa ofisi. Na ukiona herufi nzuri yenye miguu miwili chini, 奠, iache ilipo. Ni ya mashada ya msibani.

Kuna herufi ambazo uzito wake unatokana na mtu aliyewahi kuziandika. 夢, ndoto, hupendwa sana na vijana, wakiwa na maana ya malengo: ndoto yangu ya kuwa daktari, ndoto yangu ya kusafiri. Maana hiyo ipo, na shule za Japani huitumia hivyo. Lakini mtawa wa Zen (tawi la Ubuddha), Takuan Sōhō, alipokuwa anakata roho mwaka 1645, wanafunzi walimwomba shairi la kuaga. Inasimuliwa kwamba aliandika 夢 moja tu, akaweka brashi chini, akafariki. Kwake ilikuwa na maana kwamba maisha haya yote yanapita kama ndoto. Na mwongozaji wa filamu Ozu Yasujirō, aliyefariki 1963, kaburi lake pale Engaku-ji, Kamakura, limeandikwa herufi moja, 無, ambayo ni "hakuna", "utupu". Ni herufi ya kutafakari sana katika Zen, na ni nzuri mno kwa brashi. Ila mwenye duka akiitundika juu ya kaunta, mteja Mjapani atasoma "hakuna".

Sasa mfano ninaopenda kuwapa wote wanaoniambia "Kichina na Kijapani si herufi zile zile?" Japani kila Desemba huchaguliwa kanji ya mwaka (kanji ni herufi za Kichina zinazotumika katika Kijapani), utaratibu ulioanza 1995, na mkuu wa hekalu la Kiyomizu-dera, Kyoto, huiandika hadharani kwa brashi kubwa kwenye karatasi pana, kamera zikimwangalia. Mwaka 2011, mwaka wa tetemeko na tsunami ya Machi 11, iliyochaguliwa ilikuwa 絆. Zamani ilikuwa kamba ya kufungia mnyama. Leo kwa Mjapani ni kifungo cha moyo kati ya watu, ndugu na majirani waliosaidiana maji yalipochukua nyumba zao. Mjapani wa umri wangu hawezi kuiona bila kukumbuka mwaka ule. Ipeleke herufi hiyo hiyo kwa Mchina: anasoma kujikwaa, kunaswa mguu, na akiongeza herufi mbili anapata jiwe la kukwaza. Hakuna aliyekosea hapo. Kila taifa lilikwenda na kamba yake upande wake.

Kwa hiyo jambo la kwanza: kabla ya kuuliza herufi ina maana gani, amua inasomwa na nani. Amani kwa Kijapani ni 平和, kwa Kichina ni 和平, herufi zile zile zimegeuzwa mbele nyuma. 勉強 kwa Mjapani ni kusoma kwa bidii, na kwa Mchina ni kufanya kwa kujilazimisha. 手紙 ni barua Tokyo, na ni karatasi ya chooni Shanghai. Hii ya mwisho huwachekesha wengi darasani, lakini nimeiona kwenye kadi ya zawadi kwa mtu wa upande usiofaa, na aliyeandika alikuwa ameweka moyo wake wote.

Jambo la pili ni umbo. China bara ilianza kurahisisha herufi zake rasmi mwaka 1956; Taiwan na Hong Kong wamebaki na za jadi; Japani ina marekebisho yake yenyewe. Joka ni 龍 kwa jadi, mipigo 16 (mpigo ni mwendo mmoja wa brashi), 龙 kwa China bara, mipigo 5, na 竜 ni umbo jipya la Japani. Kwa kaligrafia wengi huandika za jadi, hata ndani ya China bara, nami nakushauri ufanye hivyo. Utasikia watu wakilalamika kwamba upendo, 愛, ulipofanywa 爱 uling'olewa moyo, maana 心 ya katikati imeondoka. Lalamiko linaeleweka, ila usilibebe mbali. Maumbo mengi mafupi yametoka kwenye mwandiko wa haraka wa wana-kaligrafia wenyewe, karne nyingi kabla ya 1956. Kisichokubalika ni kuchanganya: nusu ya sentensi jadi, nusu rahisi.

Na hapa simu itakudanganya. Herufi rahisi 发 inasimama badala ya mbili za jadi: 發, kustawi, na 髮, nywele. Ukiiachia programu ikubadilishie neno moja moja, unaweza kumtakia mfanyabiashara nywele badala ya mali. 后 nayo ni malkia na pia ni umbo rahisi la 後, "baada ya". Tena fonti ya simu huonyesha umbo la nchi iliyowekwa kwenye mipangilio: angalia 骨, mfupa, kwa fonti ya China kisha ya Japani, utaona kona ya juu imegeukia upande mwingine. Usinakili kutoka kwenye fonti kabisa. Kuna kamusi za kaligrafia, za vitabu na za mtandaoni, ambazo kwa kila herufi zinakuonyesha mabingwa wa zamani wa China: Wang Xizhi aliiandikaje, Yan Zhenqing aliiandikaje, Ouyang Xun aliiandikaje. Hiyo ndiyo kamusi yako kuanzia leo.

Jambo la tatu ni hadithi za vipande. Utaambiwa 忍, uvumilivu, ni upanga juu ya moyo: anayevumilia ni yule ambaye makali yako juu ya moyo wake naye hapigi kelele. Hadithi nzuri, na Wachina wenyewe huisimulia. Ila fahamu kwamba kipande cha juu, 刃, kiko pale pia kwa sababu ya sauti, maana kinatamkwa karibu sawa na herufi nzima. Herufi nyingi zaidi zimejengwa hivyo, upande mmoja wa maana, upande mmoja wa sauti. Xu Shen, msomi wa China ya kale, alilieleza hili katika kamusi aliyoikamilisha mwaka 100 BK, yenye herufi 9,353. Kwa hiyo anayekutafunia kila herufi kama picha anakuuzia zaidi ya anachojua. Mfano maarufu ni ule wa 危機, mgogoro, ambao wahamasishaji hupenda kusema ni "hatari" na "fursa". 機 peke yake si fursa. Humo ina maana ya wakati ambapo mambo yanageuka. Usiandike bango la semina kwa msingi huo.

Mtakutana pia na ombi la "niandikie jina langu". Jina la kigeni kwa Kichina huandikwa kwa sauti: Amina kwa kawaida ni 阿米娜, na hiyo 米 ya katikati ni mchele, lakini Mchina anasoma jina, hasomi mchele. Kwa Kijapani jina kama hilo huandikwa kwa katakana, herufi za sauti tu, アミナ. Anayekuahidi kanji yenye maana ya siri ya jina lako amechagua yeye mwenyewe sauti zinazofanana, basi, na ni haki yako kumuuliza alichagua zipi na kwa nini. Kwa wanaotaka kuchora mwilini ningeomba wangoje zaidi. Mwaka 2019 mwimbaji wa Marekani Ariana Grande alitaka kiganjani pasomeke "pete saba" kwa Kijapani. Akaruka herufi za katikati kwa sababu ya maumivu, zikabaki 七輪. Kwa Mjapani hilo ni jiko dogo la mkaa.

Ukishachagua kwa watu, chagua na kwa brashi. Si kila herufi yenye maana nzuri inafaa mkono unaoanza. 一, moja, ni mpigo mmoja na ni kati ya ngumu kuliko zote: kuingia, kuvuta, kusimama, kurudi, na kila unyonge unaonekana. 永, milele, ina mipigo mitano tu lakini walimu huigawa katika mbinu nane za brashi, nukta, mlalo, wima, ndoano na nyingine, na kwa karne nyingi wanafunzi wameanzia hapo. Ndiyo herufi inayofungua dibaji ya mashairi ya Lanting ya Wang Xizhi, aliyoiandika mwaka 353 karibu na Shaoxing, kwenye kikao cha mashairi kando ya kijito. Karatasi yake ya asili imepotea, tunazo nakala. Tafuta nakala hiyo ukae nayo: herufi 之 imo karibu mara 20, na hakuna mbili zinazofanana. Herufi iliyokolea mipigo kama 龍 iache kwanza. Ukiiandika ndogo inaziba, ukiiandika kubwa inasambaratika. 心, 和, 永, 大 zitakufundisha zaidi kwa sasa.

Vifaa nivitaje kwa ufupi: brashi moja ya manyoya mchanganyiko, wino wa chupa, karatasi nyepesi ya mazoezi, kitambaa chini yake. Jiwe la kusagia wino litangoja. Ila wino usiuzimue kwa maji ukiandika bahasha ya Kijapani ya zawadi, kwa kuwa wino wa kijivu hafifu ni wa rambirambi. Husemwa machozi yameuchanganya. Mchoro wa wino hafifu kama sanaa ni jambo jingine.

Kazi ikikauka, kabla ya kwenda kwa fundi wa fremu, mwonyeshe mtu aliyekulia kwenye lugha hiyo. Walio Nairobi, Dar es Salaam au Dodoma wana walimu kwenye Taasisi za Confucius, vituo vya kufundisha Kichina. Ile ya Nairobi iko tangu 2005. Usimuulize "imeandikwa vizuri?", kwa sababu atakujibu kwa adabu. Muulize: ukikuta hii ukutani, utadhani nyumba ni ya nani? Jibu lake utalijua usoni kabla hajasema.

Halafu saini. Maandishi ya wima husomwa juu hadi chini, safu ya kulia kwanza, kwa hiyo jina lako linakaa kushoto, dogo, na muhuri mwekundu chini yake. Muhuri mkubwa huila herufi. Na usinunue muhuri uliochongwa tayari mpaka umejua umeandikwa nini.