Neno linapita kwa milisekunde 20, mbona bado naliona?

SWALI: Nilinunua programu ya kujifunza lugha. Ninapofanya kazi kwenye kompyuta, inamulika neno katikati ya skrini kwa milisekunde 20, eti liingie akilini bila mimi kujua. Lakini naliona kila linapotokea, na mara nyingi nalisoma. Nimeshusha hadi milisekunde 5, hali ni ileile. Macho yangu yana kasoro, au nishushe zaidi?

JIBU: Macho yako ni mazima. Usishushe chochote.

Kwanza hiyo 5. Skrini ya kawaida huchora picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha hukaa takriban milisekunde 17. Skrini hiyo haiwezi kuonyesha neno kwa 5, wala kwa 20. Itakupa 17 au 33. Aliyekuuzia alipaswa kulijua hilo kabla hajachukua hela yako.

Kinachonichosha zaidi ni imani kwamba kuna kiwango fulani cha muda, na kitu kikipita chini yake basi ufahamu haukidaki. Naulizwa karibu kila wiki: "Ni milisekunde ngapi?" Mmweko wa kamera unaweza kudumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kila mtu anauona. Katika muda mfupi hivyo jicho hujumlisha mwanga: punguza muda nusu, ongeza mwanga maradufu, aonacho mtu ni kilekile. Tena picha ikiondoka skrini haiondoki papo hapo akilini. Mwaka 1960 George Sperling alionyesha watu herufi 12 kwa milisekunde 50. Walitaja kama nne tu. Lakini alipopiga mlio wa kuwaelekeza mstari mmoja, baada ya herufi kutoweka, walitaja sehemu kubwa ya mstari huo. Walikuwa bado "wanazisoma".

Ndiyo maana maabara, ikitaka kuficha neno, hulifunika. Neno linapotoka tu, palepale linawekwa tandabui la mistari. Neno la milisekunde 30 likifunikwa hivyo, wengi huniambia hawakuona kitu. Nikiondoa mistari na kuacha muda uleule, wanalisoma bila shida, na baadhi hubisha kwamba lazima nimeongeza muda. Programu yako haifuniki chochote, ndiyo maana unaona.

Na hata ingefunika? Neno lililofichwa humrahisishia mtu kidogo kutambua neno linalofanana nalo likija mara moja baadaye, kisha athari hiyo hufifia upesi. Msamiati wa lugha nzima haupiti katika tundu hilo.

Biashara hii ilipata umaarufu kwa uongo. Mwaka 1957, huko Marekani, James Vicary alidai kwamba kwa kumulika ujumbe sinemani kwa sehemu moja ya 3,000 ya sekunde alipandisha mauzo ya bisi na soda. Mwaka 1962 alikiri data zake zilikuwa chache mno kuwa na maana. Watu bado wananitajia kisa chake kama ushahidi.

Kanda za sauti zenye ujumbe uliofichwa nazo zilipimwa, katika utafiti wa Anthony Greenwald na wenzake uliochapishwa 1991. Kanda za kuimarisha kumbukumbu na za kujiamini ziligawiwa, baadhi zikiwa zimebadilishwa lebo kwa siri. Vipimo havikuonyesha faida ya ujumbe uliofichwa. Lakini zaidi ya theluthi ya washiriki waliona wameimarika katika kile kilichotajwa na lebo, hata wale ambao kanda yao ilikuwa ya kitu kingine. Ushuhuda wa wateja unaouona kwenye matangazo hutoka hapo.