Barua kwa mwanangu: kile kikaratasi cha chini ya picha

Mwanangu mpenzi,

Salaam kutoka Bombo. Baba yako hajambo, ila goti. Shangazi yako naye hajambo, ila ulimi, maana tangu Jumapili hajanyamaza kuhusu ujumbe wako. Umeniandikia kwamba nyumba ya sanaa ya jamii hapo mtaani kwenu Nsambya, Kampala, imewaalika wewe na wenzako mwonyeshe kazi zenu mwezi ujao, kwamba watachukua asilimia 30 ya kila kitakachouzwa, na unauliza ukubali au usubiri galari kubwa ya mjini ikufungulie mlango. Halafu mwisho kabisa, kana kwamba unaomba chumvi kwa jirani, ukaongeza kwamba wanalitaka na lile kawa la bibi yako, la kufunikia sinia za chakula, waliweke katikati ya ukumbi.

Hesabu ya asilimia hainitishi, nimeifundisha darasa la sita mpaka nikastaafu. Picha ya shilingi 600,000: wao 180,000, wewe 420,000. Toa fremu, toa rangi, toa boda iliyoibeba kwenye mvua, na kinachobaki tusikitaje mbele ya baba yako. Lakini wao nao wana kodi, umeme na mlinzi, na galari za biashara kwingineko duniani huchukua hata nusu. Kwa hiyo kuna la kusema huku na kuna la kusema kule, nitalirudia nikipata nguvu.

Ninalotaka kujua ni jambo ambalo hukuligusa. Kile kikaratasi cha chini ya picha kitaandikwa nini, na atakayekiandika ni nani?

Kauli yangu unaijua. Kazi ya mkono ina mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Nimeisema mara nyingi mpaka baba yako akiniona nakohoa kidogo anaimalizia yeye.

Kisa cha bibi yako na maonyesho umekisikia vipande vipande, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kisimuliwe. Ilikuwa baada ya sisi kurudi kutoka Sudan. Ya 1979, Amin alipoanguka, na yaliyofuata sina haja ya kukuandikia, babu yako alikuimbia hayo tangu utotoni. Nyumba tuliikuta haina mlango wala bati, na makawa yote ya arusi ya bibi yako yalikuwa yamekwenda na waliokwenda nayo. Akaanza upya. Kila alasiri alikaa chini ya mwembe na sindano yake, na hilo unalolijua, la ukutani sebuleni, ndilo la kwanza alilolimaliza.

Ninalo mapajani sasa hivi. Kitovu chake ni cheusi, kidogo kabisa, kifungo cha shati kingekifunika. Kutoka hapo duara linafuata duara: nyekundu, kijani, njano, zambarau. Ukilielekeza dirishani utaona mahali zambarau inapopauka ghafla. Unga wa rangi ulimwishia katikati, na ule alioununua Wobulenzi haukufanana na wa kwanza. Angeweza kufumua. Hakufumua. Aliendelea na ile iliyopauka mpaka duara likafunga, kisha duara lililofuata akaanza na hiyo iliyopauka akamalizia na mabaki ya ile iliyokoza, aliyokuwa amejiwekea akiba. Leo ukilitazama utadhani alipanga tangu mwanzo. Mimi niliyekuwapo najua alivyotukana muuza duka.

Basi akaja bwana mmoja kutoka Kampala na daftari, akikusanya kazi za mikono kwa ajili ya maonyesho. Mahali penyewe sipataji, na si Nommo, ile galari ya taifa, usije ukawachukia bure. Akaliazima kawa. Akaandika jina la bibi yako kwenye daftari, herufi kwa herufi, akamuuliza mpaka la babu yake. Bibi yako alilifurahia hilo kuliko pesa kidogo aliyoachiwa.

Siku ya kwenda kutazama alivaa gurbaba yake mpya, vazi letu la Kinubi, akajifukiza udi tangu alfajiri, taksi nzima ikanukia mpaka Wandegeya. Tukaingia. Kawa lilikuwa juu ya kisanduku cheupe, na chini yake kikaratasi kilichopigwa chapa: KAWA. RAFIA. BOMBO. Bibi yako Kurani alisoma, herufi za Kizungu hakuzijua. Akaniambia, “Nisomee.” Nikasoma. Akasema, “Endelea.” Nikamwambia pameishia hapo. Akakitazama kwa muda. “Hata rafia wameitaja,” akasema.

Nilidhani tutaondoka. Lakini waliingia watoto wa shule na mwalimu wao, wakakizunguka kisanduku, na mmoja wao akasema hiyo ni kofia. Bibi yako hakuweza kuvumilia. Akaanza kuwaeleza, Kiswahili kikichanganyika na Kiganda, kidole chake kikionyesha bila kugusa: sindano inaingilia hapa, inatokea hapa, rafia unaichemsha na chumvi ili rangi ishike, na arusi ya Kinubi haiwezi kwenda na sinia zilizo wazi, watu watakuchekeni mpaka wajukuu. Waliokuwa wakitazama picha za ukutani wakageuka. Mtoto akamuuliza kazi hiyo ilichukua muda gani. Akajibu, “Muulize mume wangu, ndiye aliyekuwa akipika.” Ukumbi mzima ukacheka, na mwalimu akatoa kalamu akaanza kuandika. Mwanangu, mama yangu nilimwona katika mengi, lakini vile sijapata kumwona tena. Alisimama kama mwenye nyumba.

Ndipo akatokea kijana wa tai, wa hapo hapo ofisini, akamshika kiwiko, tena kwa adabu. “Mama, humu ndani haturuhusu kuuza. Wachuuzi wako nje, upande wa geti.”

Nilifungua mdomo, bibi yako akanibana mkono. Akawaaga watoto. Tukatoka tukapita kweli upande wa geti, na wachuuzi walikuwepo, wakatusalimu. Kimya mpaka Bwaise. Kimya mpaka Kawempe. Tulipofika Matugga akasema taa yao ni mbaya, nyekundu yake wameigeuza kahawia. Zaidi ya hapo hakuongeza neno kuhusu siku ile mpaka anaingia kaburini.

Kawa lilirudi baada ya kusumbuana sana. Lipindue, utaona ndani wameandika namba kwa wino mweusi. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa ndimu, haikutoka. Akalitumia hivyo hivyo kwenye arusi zote, namba ikiwa upande wa chakula.

Kijana wa tai nadhani nimeshamsamehe. Hakumjua. Yule wa daftari bado, kwa sababu jina alikuwa nalo.

Labda sisi Wanubi tuna maradhi ya kutaka kuandikwa. Wazee wetu waliingia nchi hii na jeshi la Mwingereza Lugard, wakazaa, wakazikwa hapa, na watoto wao wakaendelea kuitwa wageni mpaka Katiba ya 1995 ilipoiweka Nubi katika orodha ya jamii za asili za Uganda. Babu yako alinunua nakala yake, akakunja kona ya ukurasa ule, na nakala nzima ilibaki mpya isipokuwa ukurasa huo mmoja. Kwa hiyo ukiona nashika kikaratasi kana kwamba ni hati ya shamba, ujue imetoka mbali.

Baba yako anasema jina halijazi sufuria. Wala hakosei. Nami usiku hubishana na nafsi yangu. Ile sanamu ya Uhuru pale mjini karibu na Sheraton, ya mtu aliyeviringwa vitambaa toka chini akimwinua mtoto juu, imesimama tangu 1962. Watu wangapi wamepigia picha za mahafali mbele yake? Simamisha waendesha boda uwaulize ni ya nani. Ukimpata wa kukutajia Gregory Maloba, aliyekuja kutoka Kenya akasoma Makerere kwa Margaret Trowell, kisha akafundisha hapo hapo, mlipe nauli mara mbili. Na sanamu yenyewe imepungukiwa nini? Hakuna. Mtoto bado yuko juu. Basi najiuliza kelele zangu zote za jina ni za nini. Halafu namkumbuka mama yangu akisema “Endelea”, na mimi sina cha kuendelea nacho, na hoja yote inaanguka.

Mwaka 2022 ulinitumia zile picha za maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, Uganda ilipokuwa na banda lake kwa mara ya kwanza, la wasanii wetu Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na majaji wakalitaja banda hilo kwa heshima ya pekee. Uliniandikia, “Mama, misuko imefika!” Nililia kidogo, sikukwambia. Kilichonipendeza zaidi kuliko heshima ya majaji ni kwamba Kerunen amekuwa akisema wazi kuwa anafanya kazi na wanawake wasusi wa vijijini. Anawataja watu. Kazi ya mkono ina mwenyewe, hata wenyewe wakiwa wengi.

Na hapo ndipo ninapokujia wewe. Gome la mutuba unalinunua kwa fundi wa Mpigi. Ndiye anayelibandua mtini, akauvika mti majani ya mgomba usikauke, akaligonga gome kwa nyundo za mbao mpaka likawa laini kama lilivyokufikia. Kazi hiyo UNESCO wameiweka kwenye orodha yao ya urithi tangu 2008, naye nina hakika hajawahi kuona jina lake chini ya kitu chochote. Rafia ya pembezoni katika zile picha kubwa ameshona shangazi yako, hapa kwenye mkeka wangu, na miwani yangu machoni. Je, kikaratasi kitasema jina lako peke yako?

Baba yako aliposikia akacheka, akasema kikaratasi kitakuwa kirefu kuliko picha, na muuza rangi wa Wobulenzi naye aletewe fomu. Nikakwama kidogo. Kisha nikamwambia: aliyebuni aandikwe, aliyeshona aandikwe. Wa gome naye aandikwe, kwa herufi ndogo. Hapana, herufi zile zile. Muuza rangi amekwishalipwa.

Shangazi yako mwenyewe, ili nisikufiche, alisema mambo ya majina hayamhusu, yeye anataka miwani yake mwenyewe. Hiyo ilikuwa asubuhi. Jioni akarudi kuniuliza kama ataandikwa kwa jina la baba yake au la marehemu mumewe. Nikamwambia akuulize wewe, kwa hiyo pokea simu usiku.

Kuhusu hao wa Nsambya, sitaki kukuzuia. Galari ya mtaani ina jambo moja zuri ambalo hizo za mjini hazina: anayeuza nyanya hapo nje ataingia na mtoto mgongoni atazame, na hakuna atakayemshika kiwiko. Angalau natumaini. Uulize hilo pia, ni nani anayesimama mlangoni. Kabla hujapeleka kitu, muwe na karatasi mbili zilizoandikwa sawa, wewe moja wao moja, zenye jina la kila kazi, ukubwa, bei, na tarehe ya kurudishwa isiponunuliwa. Zieleze kama hiyo 30 inatolewa ndani ya bei au wanaipachika juu. Zieleze baada ya mnunuzi kulipa wewe unalipwa lini, na kikichanika au kikiibiwa nani analipa. Wakikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu. Wasipokasirika, wape chai.

Kawa halipandi taksi mpaka niyasome maneno ya kikaratasi. Yapige picha uniletee kwa WhatsApp. Jina la bibi yako unalo, maana ndilo lako. Andika lote, na la baba yake. Rafia waitaje wakitaka. Kawa lenyewe haliuzwi, hilo wala lisiingie kwenye hesabu, na ile namba ya ndani mtu asijaribu kuisafisha. Wakipenda waliweke limepinduliwa, ionekane. Sijui. Hilo nalifikiria bado, usiwaambie.

Umebaki na swali lako la asilimia, na nilijiapiza kwamba nitakuachia uamue, wewe ni mtu mzima na kazi ni zako. Ningekuwa mimi, ningewaambia 25 na fremu wanunue wao. Lakini sijasema kitu.

Akupendaye,
Mama